Wanga, Mrututu na Rangi ya Tofali: Kiswahili Katika Majaribio ya Vyakula vya Sagalla

Utangulizi

Miongoni mwa masomo ya maabara ambayo mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hupitia, ni machache yanayokaribia maisha ya nyumbani kama lile la kuchunguza virutubisho katika vyakula. Mwanafunzi hupewa kipande cha muhogo, unga wa mahindi au maji ya kunde zilizopondwa, pamoja na chupa tatu nne za kemikali. Hutia matone, hupasha moto, hutazama rangi, kisha huandika alichokiona na maana yake. Vyakula ni vile vile alivyokula jana. Lugha ya kuvielezea, hata hivyo, siyo ile iliyotumika jana jikoni. Chini ya mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985 na ambao watahiniwa wake wa mwisho wa KCPE walifanya mtihani mwaka wa 2023, majaribio haya yalifundishwa kwa Kiingereza, na yamejitokeza mara kwa mara katika karatasi ya utendaji ya Biolojia katika mtihani wa KCSE.

Makala haya yanayachukua majaribio manne ya kawaida, yaani la wanga, la sukari, la protini na la mafuta, na kuyapitisha katika Kiswahili kwa kutumia vyakula vya Sagalla, katika Kaunti ya Taita Taveta. Swali linaloongoza ni moja: je, Kiswahili kilichopo kinaweza kulibeba somo hili bila kumpotosha anayejifunza? Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati mwingi unaohitajika upo, na sehemu yake ni ya kale kuliko shule zenyewe. Lakini pale ambapo neno moja limebebeshwa maana mbili, jaribio lenyewe huharibika, na mwanafunzi huondoka maabarani akiwa na hitimisho lisilo la kweli. Kwa hivyo suala la istilahi si pambo la wanaisimu.

Sagalla na chakula chake

Sagalla ni mlima ulio kusini mwa mji wa Voi, pamoja na nyanda zilizo chini yake. Wenyeji wake, Wasagalla, wana lugha yao, Kisagalla. Aghalabu watu wa nje hukijumuisha pamoja na Kidawida kwa jina la Kitaita, ilhali lugha hizi mbili zimetengana zaidi kuliko jina hilo linavyodokeza, na Kisagalla kina msamiati mwingi unaokaribiana na ule wa Mijikenda. Mchanganyiko huo wa majina si mpya. J. A. Wray wa misheni ya CMS, aliyefika Sagalla katika mwaka wa 1883, alichapisha mwaka wa 1894 kitabu cha utangulizi wa lugha ya huko na kukiita cha Kitaita.

Juu mlimani kuna maji na mashamba ya ndizi na matunda. Chini, mvua ni chache na shamba ni bahati nasibu. Hukuzwa mahindi, kunde, pojo, mbaazi na muhogo, na miaka ya karibuni alizeti na ufuta pia. Mbuga ya Tsavo Mashariki, iliyofunguliwa mwaka wa 1948, imepakana na eneo hili, na tembo wanaotoka huko huweza kumaliza kwa usiku mmoja mahindi ya msimu mzima. Tangu mwaka wa 2009 mradi wa Lucy King na shirika la Save the Elephants umekuwa ukijenga hapo nyua za mizinga: mizinga huning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba, na tembo anapougusa waya nyuki hutoka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 kuhusu mashamba ya Sagalla ulionyesha kwamba nyua hizo ziliwazuia tembo wengi sana, ingawa ukame ulipopunguza nyuki, ulinzi nao ulilegea. Zaidi ya ulinzi, mkulima hupata asali. Kwa somo la majaribio ya vyakula, asali hiyo ni zawadi, kama itakavyoonekana.

Njaa si jambo la vitabuni katika nyanda hizi. Kati ya mwaka wa 2020 na 2023 misimu ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, Taita Taveta ikiwemo. Anayeishi mahali ambapo kilicho ghalani ni kidogo ana sababu ya kutaka kujua kilichomo ndani ya kilichomo ghalani. Shibe ni kitu kimoja na lishe ni kitu kingine. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akapatwa na unyafuzi.

Neno wanga na tatizo lake

Jaribio la wanga ndilo rahisi kuliko yote. Kata kipande cha muhogo mbichi, dondoshea matone mawili ya mmumunyo wa iodini, na usubiri. Iodini yenyewe ina rangi ya maji ya kunde. Inapogusa muhogo hugeuka mara moja kuwa buluu iliyokolea hata ikakaribia weusi. Sababu ni umbo la wanga. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya glukosi, na baadhi ya minyororo hiyo imejisokota kama kamba ya ukambaa. Iodini huingia ndani ya msokoto huo, na hapo namna yake ya kufyonza mwanga hubadilika. Glukosi iliyo pekee haina msokoto, kwa hivyo iodini haina pa kuingia. Jambo hili limejulikana tangu mwaka wa 1814, miaka mitatu tu baada ya Bernard Courtois kuigundua iodini huko Ufaransa.

Sasa ichukuliwe asali ya Sagalla. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari za aina mbalimbali, hasa fruktosi na glukosi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Ikitiwa iodini, haigeuki buluu. Rangi ya iodini hubaki ilivyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiswahili kwamba vyakula vimegawanyika katika wanga, protini, mafuta, vitamini na madini atahitimisha nini? Atasema: asali haina wanga. Kisha ataulizwa asali iko katika kundi gani la vyakula, naye, kama alivyosoma, atajibu: kundi la wanga. Majibu yote mawili yatapewa alama, na yote mawili yanapingana.

Kosa si la mwanafunzi. Neno wanga limetwikwa mizigo miwili. Kwa upande mmoja linataja kitu mahususi, ule unga laini mweupe unaotuama chini ya beseni muhogo uliokunwa unapooshwa. Kwa upande mwingine linataja jamii nzima ya virutubisho inayoujumuisha wanga huo pamoja na sukari zote na nyuzinyuzi za mimea. Katika masomo ya lishe maana ya pili imeenea mno, hata mwanafunzi hushangaa kuambiwa kwamba sukari aliyoitia kwenye chai ni "wanga" ambao iodini haiuoni.

Kiswahili hakikukosa njia ya kutofautisha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, na miaka mitano baadaye, mwaka wa 1995, ikatoka Kamusi Awali ya Sayansi na Tekinolojia. Neno kabohaidreti limekuwa likitumiwa na waandishi wa sayansi kwa ajili ya jamii nzima. Linachosha ulimi, na mwalimu wa darasa la sita atalikwepa akiweza. Lakini faida yake ni kubwa: linaliacha neno wanga lifanye kazi moja tu. Mwenye kuona neno hilo ni geni mno akumbuke kwamba protini nayo ni ngeni, na hakuna anayeilalamikia.

Tena kuna neno la tatu ambalo wataalamu wa istilahi huelekea kulisahau. Dobi wa Mombasa anayeikausha kanzu hadi ikasimama wima hutumia kanji. Kanji ni wanga huu huu. Anayetaka kuhakikisha na adondoshee iodini kwenye sufuria ya dobi. Si lazima neno hilo lichukue nafasi ya wanga katika vitabu, lakini mwalimu aliye Voi anaweza kulitumia kama mfano, kwa sababu kanji haijawahi kumaanisha sukari. (Watani wa lugha watakumbusha pia kwamba huko pwani wanga ni wingi wa mwanga, mchawi wa usiku. Hao ni wa ngeli ya A-WA na hawageuki buluu.)

Ndizi ni mfano mzuri zaidi wa umuhimu wa tofauti hii. Voi hupokea ndizi nyingi kutoka Taveta, na Sagalla juu ina zake. Ndizi mbichi ina wanga wa kadiri ya asilimia 20 ya uzito wake na sukari kidogo sana. Inapoiva, hesabu hugeuka: wanga hushuka hadi asilimia moja au mbili, na sukari hupanda kufikia asilimia 20 hivi. Chukua ndizi tatu za mkungu mmoja, moja ya kijani kibichi, ya pili iliyoanza kugeuka manjano na ya tatu yenye madoadoa meusi, uzikate na uzitie iodini. Ya kwanza itakuwa nyeusi, ya pili itakuwa na mabaka, ya tatu haitabadilika sana. Mwenye istilahi mbili ataandika kwamba wanga umegeuka sukari ilhali kabohaidreti haijaenda popote. Mwenye istilahi moja hana namna ya kuiandika sentensi hiyo. Atalazimika kusema kwamba wanga umegeuka wanga.

Mrututu na magadi

Jaribio la sukari hufanywa kwa mmumunyo unaobeba jina la Stanley Rossiter Benedict, mwanakemia wa Marekani aliyeuchapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi huufahamu kama maji ya buluu yaliyomo chupani, na mara nyingi haambiwi yametengenezwa na nini. Yana vitu vitatu vilivyoyeyushwa majini: salfeti ya shaba, kabonati ya sodiamu na sitreti ya sodiamu.

Salfeti ya shaba ni mrututu. Neno hili limo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani, na mawe yake ya buluu yamekuwa yakiuzwa madukani kwa ajili ya kutibia vidonda na mifugo. Kabonati ya sodiamu ndiyo sehemu kubwa ya magadi, yale ambayo Kenya imeyachimba katika ziwa linaloitwa kwa jina hilo kwa zaidi ya karne moja, na ambayo mpishi hutia chembe ndani ya chungu cha kunde ili ziive upesi. Sitreti ni chumvi ya asidi iliyomo katika limau. Kwa maneno mengine, chupa inayoonekana kuwa ya kigeni kuliko zote mezani ina mrututu, magadi na kitu cha jamii ya ndimu. Kila kimoja kina kazi yake. Mrututu huleta shaba. Magadi hufanya mmumunyo uwe na ualkali. Sitreti huishikilia shaba isituame chini kabla ya wakati.

Hapa pana funzo kwa wanaounda istilahi. Vitabu vya sayansi vilivyoandikwa kwa Kiswahili huelekea kuandika kopa salfeti au salfeti ya shaba, na sababu yao inaeleweka: jina la kitaalamu huonyesha muundo, na mrututu hauonyeshi. Hata hivyo hakuna ubaya wa jina la kitaalamu kutanguliwa na jina la dukani. Mwanafunzi akielezwa mara moja kwamba hiki ni mrututu, kemikali hiyo huacha kuwa kitu kilichozaliwa maabarani.

Jaribio hufanywa hivi. Tia sentimita 2 za ujazo za asali iliyochanganywa na maji katika neli ya kioo, ongeza kiasi sawa cha mmumunyo wa Benedict, kisha isimamishe neli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika tano hivi. Kwa asali haitachukua muda huo. Buluu itapita kwenye kijani, manjano na rangi ya chungwa, na mwishowe yatatuama mashapo yenye rangi ya tofali. Kilichotokea ni kwamba sukari imeipa shaba elektroni, na shaba hiyo sasa ni oksidi nyekundu isiyoyeyuka majini.

Kisha lirudiwe jaribio hilo hilo kwa sukari nyeupe ya dukani. Hakuna kinachotokea. Buluu inabaki buluu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hili ni fumbo zaidi kuliko kwa mwenzake wa Kiingereza, maana chupa iliyopuuza kitu kinachoitwa sukari ndiyo iliyotajwa kuwa kipimo cha sukari. Sukari ya dukani ni sukrosi. Molekuli yake ni glukosi na fruktosi zilizoungana kwa ncha zile zile ambazo zingetoa elektroni, kwa hivyo mlango umefungwa kutoka ndani. Ichemshwe kwanza pamoja na asidi hafifu ya hidrokloriki, ipozwe, itiwe haidrojeni kabonati ya sodiamu kidogo kidogo mpaka povu likome, ndipo ijaribiwe tena. Sasa itatoa rangi ya tofali, kwa sababu asidi imeziachanisha zile mbili.

Istilahi ya kutofautisha sukari za aina hizi mbili ni kizungumkuti. Ukiitafsiri ya Kiingereza neno kwa neno unapata "sukari inayopunguza," na mwanafunzi yeyote atauliza inapunguza nini: utamu, uzito au maradhi? Katika kemia dhana ya kupunguza ina historia yake, inayohusu uondoaji wa oksijeni, lakini historia hiyo haikuja na neno lilipotafsiriwa. Ingekuwa wazi zaidi kusema sukari geuzi na sukari isiyo geuzi, kwa kuwa kinachoonekana kwa macho ni kwamba moja huigeuza shaba na nyingine haiigeuzi. Pendekezo hili linaweza kupingwa na wanakemia, na litakuwa limefaulu iwapo litawafanya wapendekeze lililo bora.

Rangi kama ushahidi

Katika majaribio haya yote, ushahidi ni rangi. Anayeshindwa kutaja rangi hajafanya jaribio. Walimu husisitiza kwamba haitoshi kuandika "hakuna mabadiliko". Sharti iandikwe kwamba rangi ya iodini, au buluu ya Benedict, imebaki. Ndiposa inafaa kuuliza kama Kiswahili kina rangi za kutosha, maana imewahi kudaiwa kwamba hakina. Hoja ya wadai ni kwamba vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu.

Hilo la vivumishi ni kweli, na halithibitishi chochote. Rangi nyingine za Kiswahili huundwa kwa kutaja kitu chenye rangi hiyo, na kwa bahati njema vitu hivyo, kwa sehemu kubwa, ni vyakula. Kahawia ni kahawa. Manjano ni kile kiungo cha pilau na mchuzi. Kijani kimetoka kwenye jani. Rangi ya chungwa haihitaji maelezo. Zambarau ni tunda linalotia ulimi doa, na rangi ya maji ya kunde imekuwa ikitumiwa kusifia ngozi ya mtu tangu kabla ya iodini kufika pwani. Buluu peke yake ndiyo iliyokopwa kutoka Kiingereza, na hata hiyo ilikuta samawati na nili zikiwapo. Mwanafunzi wa Sagalla anayetazama neli ikipita kwenye kijani, manjano na chungwa anaangalia orodha ya soko la Voi.

Zaidi ya hayo, mfuatano huo wa rangi si pambo. Ni kipimo cha kukadiria. Sukari ikiwa kidogo, mashapo machache mekundu-manjano huchanganyika na buluu iliyobaki, na jicho huona kijani. Ikiwa nyingi, shaba yote huisha na tofali hubaki peke yake. Maziwa ya ng'ombe, yenye laktosi ya asilimia 5 hivi, hayawezi kulingana na asali isiyozimuliwa. Kwa ile hatua ya mwisho, mwalimu aliye Voi hahitaji hata tofali. Udongo ulio nje ya dirisha, ule unaowapaka tembo wa Tsavo wekundu wao, unatosha kulinganishia.

Tahadhari moja inapasa kutolewa kuhusu asali, kwa kuwa wauzaji na wanunuzi wa barabarani wote wana hamu nayo. Jaribio la Benedict haliwezi kufichua asali iliyoghushiwa kwa shira ya glukosi, maana asali halisi nayo ina glukosi. Iodini inaweza kufichua iliyozidishwa uzito kwa uji wa unga, kama inavyoweza kufichua maziwa yaliyofanyiwa hivyo. Zaidi ya hapo, mwenye chupa mbili hizi asijidai kuwa mkaguzi.

Protini na utomwili

Mwaka wa 1827 daktari Mwingereza William Prout alivigawanya vyakula katika mafungu matatu: vya jamii ya sukari, vya jamii ya mafuta na vya jamii ya ute wa yai. Fungu la tatu lilipata jina protini mwaka wa 1838 katika maandishi ya Mulder, Mholanzi, kwa pendekezo la Berzelius wa Uswidi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kilicho cha kwanza.

Kiswahili kilijaribu jina lake. Katika baadhi ya maandishi ya zamani ya lishe hukutwa neno utomwili. Limeundwa kwa ustadi wa nje, lakini lina kasoro ya ndani. Uto, kwa maana yake ya kawaida, ni mafuta yaliyokamuliwa au kuyeyushwa, kama uto wa nazi au wa nyama. Utomwili basi unamwelekeza msomaji kwenye mafuta, yaani kwenye fungu la jirani. Protini imeshinda, na imestahili kushinda. Si kila neno la asili ni bora kwa sababu ni la asili, na hili linapaswa kusemwa waziwazi katika majarida ya Kiswahili kuliko linavyosemwa.

Jaribio lake huitwa biureti, jina la kampaundi na wala si la mtu. Kunde zilizolowekwa na kupondwa hutiwa mmumunyo wa sodiamu hidroksidi, kisha matone machache ya mrututu uliozimuliwa hadi asilimia moja. Hapana haja ya moto. Sodiamu hidroksidi huunguza ngozi na macho, na mwalimu asiyelisema hilo mapema atalisema baadaye kwa majuto. Rangi ya zambarau ikitokea, kuna protini: shaba imejifunga kwenye viungo vinavyoshikanisha asidi za amino. Kwa kunde na pojo, ambazo protini yake ikiwa kavu ni kati ya asilimia 23 na 24, rangi ni dhahiri. Kwa unga wa mahindi, wenye asilimia 9 hivi, ni hafifu. Kwa muhogo mbichi, wenye kadiri ya asilimia moja tu, buluu ya mrututu hubaki karibu kama ilivyokuwa. Meza ikiwa na neli hizo tatu zimepangwa pamoja, kutoka zambarau hadi buluu, maelezo ya maneno huwa machache mno ya kuhitajika. Ni vema pia ile neli ya kunde ilinganishwe na kunde zilizotiwa iodini, kwani zitageuka buluu-nyeusi. Chakula kimoja hukaa katika makundi mawili bila kuomba ruhusa ya kitabu.

Mafuta na tui

Kwa mafuta kuna jaribio la maskini na jaribio la maabara, na la maskini halina aibu yoyote. Ponda mbegu ya alizeti au karanga kwenye karatasi nyeupe, acha karatasi ikauke, kisha iinue kuelekea dirishani. Doa la maji litakuwa limetoweka. Doa la mafuta litakuwa linapitisha mwanga.

La maabara hutumia ethanoli. Mbegu zilizopondwa hutikiswa ndani yake ili mafuta yayeyuke, kisha ile ethanoli humiminwa kwenye maji, mbali na moto wowote, kwa kuwa inawaka upesi. Weupe wa ukungu ukitokea, mafuta yapo. Yameshindwa kuyeyuka majini na kujigawanya katika matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Vitabu huulinganisha weupe huo na maziwa. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mfano ulio karibu zaidi, nao ni tui. Tui la nazi ni mafuta yaliyotawanyika majini kwa namna hiyo hiyo, na kila aliyewahi kuliacha tui usiku kucha akakuta tabaka zito limepanda juu ameshaona kinachotokea matone hayo yanapokutana tena. Gramu moja ya mafuta humpa mlaji kilokalori 9 hivi, ikilinganishwa na 4 za gramu ya kabohaidreti au ya protini. Alizeti ya Sagalla, ambayo tembo hawaikimbilii kama mahindi, ina hesabu nzuri kwa pande zote mbili.

Neno mafuta nalo lina upana wake: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Muktadha aghalabu huokoa. Mwalimu akisema lipidi hatakosea, ila akisema mafuta darasani, neli ikiwa mkononi, hakuna atakayefikiria petroli.

Kile ambacho rangi haisemi

Pure, kama watu wa pwani na wa Taita wanavyoyaita mahindi na maharagwe au kunde zilizochemshwa pamoja, ni chakula cha kujaribia chenye mafunzo kuliko vyote. Kiponde kizima kikijaribiwa, iodini itasema wanga upo na biureti itasema protini ipo. Mahindi peke yake nayo yatatoa majibu hayo hayo, japo zambarau yake ni dhaifu. Mwanafunzi makini atauliza kwa nini basi mama asipike mahindi mengi zaidi hadi protini itoshe.

Biureti haina jibu. Inahesabu viungo vya asidi za amino, haiwezi kutofautisha asidi zenyewe. Protini ya mahindi ni fukara wa lisini na triptofani, ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Kunde zina lisini kwa wingi, ila zina upungufu wa asidi za amino zenye salfa, ambazo mahindi yanazo kwa kiasi cha kutosha. Zikiingia chungu kimoja, kila moja huziba pengo la mwenzake. Tembo wakimaliza kunde wakaacha mahindi, au ukame ukifanya hivyo, kinachopotea sufuriani hakionekani katika neli. Ujazo wa sahani unaweza kubaki ule ule, na zambarau kufifia kidogo tu. Darasa la Sagalla lililofika hapa limeshatumia kabohaidreti, wanga, sukari geuzi, mrututu, magadi na tui katika saa moja ya somo, na kinachohitajika kwa kipindi kifuatacho ni jina la Kiswahili, lenye kueleweka, la zile asidi za amino ambazo mlaji hana budi kuzipata kutoka kwenye chakula.